Moshi kama mji wa kuchezea: kwa nini ukungu wa programu haudanganyi

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nilipanda ghorofani Moshi mjini nikapiga kipilefti cha Mnara wa Saa kwa lensi ya milimita 50, tundu limefunguliwa lote, f/1.8. Nilitaka magari yaonekane ya kuchezea, lakini kila kitu kimetoka kikali. Nikaongeza ukungu juu na chini kwa programu ya simu, picha ikazidi kuharibika. Tatizo ni lensi?

JIBU: Marahaba. Lensi haina kosa, shida ni umbali. Kwa lensi hiyo kwenye kamera ya fremu kamili (yenye kihisi cha ukubwa wa filamu ya milimita 35), ukiweka fokasi mita 46 hivi, kila kitu kuanzia mita 23 hadi mwisho wa macho kinatoka kikali. Gari la kuchezea hupigwa kwa karibu sana, na hapo ukali hubaki kwenye ukanda mwembamba tu. Jicho likiona ukanda huo, linaamini kitu ni kidogo.

Wapo wanaotumia lensi inayoinama. Canon TS-E 24 mm f/3.5L II, kwa mfano, huinama hadi digrii 8.5 na kulaza eneo la fokasi. Ni lensi nzuri kwa wapiga picha za majengo. Kwa mchezo huu peke yake, tunza hela yako.

Sasa ukungu wako. Programu inafuata urefu wa picha, wakati ukungu wa kweli hufuata umbali kutoka kwenye kamera. Kitako cha mnara na kilele chake viko umbali karibu sawa, kwa hiyo kitako kikiwa kikali na kilele kimefifia, mtazamaji anashtuka hata kama hajui kwa nini. Fungua picha kwenye programu ya kuhariri kama GIMP au Photoshop, inakili, tia ukungu nakala ya juu, kisha futa ukungu huo kwenye ukanda wa kipilefti, kingo zikififia taratibu. Halafu chukua brashi ndogo, ufute ukungu pia kwenye mnara wote, nguzo, na kuta za majengo yanayoanzia ndani ya ukanda. Miti iliyo nyuma ya mnara usiiguse. Kazi hii inachosha, na ndiyo inayotofautisha picha na picha.

Mlima Kilimanjaro uache nje. Najua inauma, hasa asubuhi Kibo ikiwa wazi, lakini hakuna mji wa mezani wenye mlima wa mita 5,895 nyuma yake. Inamisha kamera mpaka upeo wa macho utoke kwenye fremu.

Piga jua likiwa kali, saa nne hivi, vivuli viwe na kingo. Ongeza rangi kuliko unavyodhani inafaa. Bajaji zing'ae kama zimepakwa leo. Nyaya za umeme zifute, ni nyembamba mno kwa mji wa kuchezea.

Ukitaka video, weka kamera kwenye stendi, piga picha moja kila sekunde, uziunge 15 kwa sekunde. Bodaboda zitazunguka kipilefti kwa kuruka-ruka, na wengi wataamini bila hata kuuliza.