Daftari Tano, Lori Moja la Saruji

Maswali ya wasomaji: biashara na teknolojia

SWALI: Kampuni yetu ya ujenzi ni ya kifamilia. Ofisi iko karibu na Barabara ya Mombasa, na kwa sasa tuna kazi Ruaka, Kilimani, Syokimau na Kitengela. Makadirio yamo kwenye Excel, vifaa huagizwa kwa WhatsApp, mtunza stoo na foremani wana vitabu vyao vya mkono, na hesabu zote zimo katika kompyuta moja mezani pa mhasibu. Binti yangu, ambaye ni mhandisi, anataka tununue programu moja ya wingu itakayounganisha mambo haya yote. Mhasibu wetu wa miaka mingi hujibu kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na kwamba daftari analo tayari. Nimsikilize nani?
Mkurugenzi, Nairobi

JIBU: Mhasibu wako amesema kweli, ila hajahesabu vizuri: kwa maelezo yako mwenyewe, daftari zenu ni tano.

Tulifuate lori moja. Tuseme mmeagiza mifuko 300 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, kutoka Athi River kwa ajili ya kazi ya Syokimau. Lori linafika jioni, mtunza stoo anahesabu mifuko 288, anaandika idadi hiyo kwenye stakabadhi ya kupokea mali, kisha nakala yake ya kaboni anaitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa stoo. Kabla nakala hiyo haijafika ofisini, ankara ya mifuko 300 inaletwa, mhasibu anailinganisha na agizo la WhatsApp, anaona zinakubaliana, analipa. Mtunza stoo ameandika ukweli na mhasibu amefuata utaratibu, lakini mifuko 12 imelipiwa na haipo.

Programu iliyounganishwa huziba pengo hilo hasa. Mtunza stoo hufungua agizo lilelile kwenye simu yake, huingiza 288, hupiga picha ya stakabadhi, na tangu hapo ankara ya 300 hukwama mpaka mtu mwenye mamlaka aeleze tofauti. Idadi hiyo, bila kuandikwa mara ya pili, huongeza hesabu ya stoo. Mifuko inapotolewa, huingia katika gharama ya slabu iliyomwagwa na kumwonyesha mkadiriaji kipengele hicho cha BQ (orodha ya vipimo na bei za kazi) kimebakiwa na nini. Wingu lenyewe halina maajabu: data hukaa katika kompyuta za mwenye huduma badala ya ile ya mezani, ndiyo maana aliye Ruaka na aliye ofisini huona hesabu moja kwa wakati mmoja.

Kazi itakayowachosha ni ya majina, na ni lazima itangulie ununuzi. Chuma kilekile cha milimita 12 huitwa Y12 na huyu, D12 na yule, na foremani akaandika "chuma cha 12". Programu itavihesabu kuwa bidhaa tatu, na itawaambia mmeishiwa huku stoo imejaa. Kinyume chake, saruji ya 32.5 na ya 42.5, ambazo nguvu zake hazilingani, zote huandikwa "simiti" tu. Waketi binti yako, mhasibu, mtunza stoo na foremani, watoe orodha moja ya vifaa na namba zake. Uenyekiti wa kikao hicho ningempa mhasibu, kwa kuwa ndiye anayejua kila jina lililowahi kuandikwa kwenye ankara zenu, na kwa kuwa mtu hapigi vita jambo aliloliongoza mwenyewe.

Kisha anzeni na mradi mmoja ulio kwenye msingi, kwani kuhamisha salio la jengo lililofika ghorofa ya tano katikati ya malipo ni kujitafutia maumivu ya kichwa. Anzeni na agizo, mapokezi na malipo. Ratiba zenye mistari ya rangi, ambazo wauzaji hupenda kuzionyesha kwanza, zinaweza kungoja.

Kwa muuzaji, mwulizeni kama simu ya mtunza stoo inaweza kupokea mali pasipo mtandao na kutuma baadaye. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, intaneti ya Kenya ilizorota kwa siku kadhaa. Mwulizeni pia kuhusu eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya mapato, KRA, kwa kuwa tangu Januari 2024 gharama nyingi zisizo na ankara hiyo ya kielektroniki hazikubaliwi na KRA katika kukokotoa kodi, na mwenye lori la mchanga mara nyingi hana. Bei nayo isomeni kwa shilingi: mapema 2024 dola ilipita shilingi 160, na baadaye ikashuka hadi karibu 130, kwa hiyo mkataba wa dola unaweza kupanda bila muuzaji kubadilisha neno. Wapo wanaotoza kwa kila mtumiaji na wapo, kama wenye programu ya ujenzi ya Procore, wanaotoza kwa thamani ya kazi za mwaka. Hatimaye, mkiamua kuhama, data yenu mtaitoa kwa namna gani? Jibu la hilo liwe kwenye karatasi.

SWALI: Mimi ni foremani. Kampuni imeleta kifaa cha alama za vidole langoni, na vibarua wanaogopa. Wana haki?
Foremani, Kitengela

JIBU: Wana haki ya kuuliza. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, alama za vidole ni data nyeti, na mwajiri anapaswa kuwaeleza kwa nini anazichukua, nani ataziona na zitahifadhiwa kwa muda gani. Mwombe mwajiri maelezo hayo kwa maandishi ya Kiswahili, yabandikwe langoni. Kama shida ni majina hewa kwenye malipo ya Jumamosi, mwulize kama hayawezi kudhibitiwa kwa namba ya kitambulisho, picha, na malipo ya M-Pesa kwa laini iliyosajiliwa kwa jina la kibarua mwenyewe.