Hati safi halafu zahanati haina paa?

Ndugu, umeuliza inakuwaje halmashauri yenu ipate hati safi ya CAG (Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali) wakati zahanati ya kijiji imeishia kwenye lenta, na kama mbunge anaweza kuwabana.

Kwanza hiyo hati isikuchanganye. Maana yake vitabu vya hesabu vimeandaliwa inavyotakiwa, basi. Haisemi kila shilingi ilitumika vizuri. Wakurugenzi huitangaza kama kombe la ligi (nawaelewa), lakini uchafu wenyewe uko kwenye hoja za ukaguzi, yaani dosari alizozikuta mkaguzi, kurasa za ndani za ripoti.

CAG humkabidhi Rais ripoti ifikapo Machi 31, kisha inakwenda bungeni. Za halmashauri huchambuliwa na LAAC, kamati ya Bunge ya hesabu za serikali za mitaa. Za wizara na mashirika ya umma ni PAC, kamati ya hesabu za serikali. Pale LAAC mkurugenzi anakaa kitimoto kama afisa masuuli, yaani mwenye dhamana ya fedha za halmashauri, na vielelezo mezani. Sasa ukimpelekea mbunge lawama tupu, atakwambia “nimekusikia”. Mpelekee picha ya jengo, tarehe fedha zilipoingia, kiasi, na namba ya ukurasa kama hoja imo.

Ila mimi ningeanza na diwani. Baraza la madiwani hukaa kikao maalumu kujadili hoja hizohizo za CAG, na wewe unaruhusiwa kuingia kusikiliza. Kabla ya hapo, kwenye mkutano mkuu wa kijiji, dai taarifa ya mapato na matumizi isomwe. Mtendaji akisema kaisahau nyumbani, omba iandikwe hivyo kwenye muhtasari.