Shangazi, tunaenda tamasha la kondoo na sufu wikiendi hii, tuanzie wapi?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na rafiki zangu watatu tumepanga wikiendi moja twende tamasha la kondoo na sufu, siku mbili, tunalala hukohuko. Mimi nafuma na napenda sana, mmoja ndo kwanza anajifunza, wa pili hafumi kabisa anakuja kwa ajili ya picha na kuona wanyama, na wa tatu ni mjamzito wa miezi mitano. Naogopa vitu viwili: nitamaliza hela yote kwenye uzi saa ya kwanza tu, halafu hawa wengine watachoka na kuanza kuniuliza tunaondoka saa ngapi. Nipange vipi? (Mpenda uzi)

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na huyo mjamzito kwa sababu hayo mengine yote yanaweza kusubiri. Kondoo jike wanaokaribia kuzaa au waliotoka kuzaa wanaweza kuwa na vimelea vinavyosababisha mimba ya mtu kuharibika, kuna toksoplazma, kuna listeria, kuna na aina ya klamidia inayokaa kwa kondoo, kwa hiyo banda lenye kondoo wenye mimba au wanakondoo wachanga asiingie, asibebe mwanakondoo hata kama ni kwa ajili ya picha tu, na nyinyi mtakaoingia mnawe mikono kwa sabuni na maji na kusafisha viatu kabla ya kurudi kukaa naye. Kama tamasha lenyewe linaangukia msimu wa kuzaa basi aongee na daktari wake kabla hamjafunga safari. Sisemi hivi kumnyima raha, mabanda ya uzi, mashindano ya mbwa na madarasa vyote viko wazi kwake.

Sasa msimu. Matamasha haya hayafanani, angalia hata yale makubwa ya Marekani, lile la Maryland linafanyika Mei na lile la Rhinebeck huko jimbo la New York linafanyika Oktoba. La majira ya kuchipua mara nyingi lina manyoya yaliyotoka kunyolewa na wanakondoo wengi, la vuli utakuta watu wamevaa sweta walizofuma wenyewe miezi yote iliyopita na hapo unajifunza mengi kwa kuangalia tu migongo ya watu walio mbele yako kwenye foleni. Ukijua mnaenda lipi utajua na cha kutegemea.

Mimi ushauri wangu mkubwa ni mmoja na nausimamia: asubuhi ya kwanza nendeni kwa kondoo, msiende kwenye uzi. Najua watu wengi wanafanya kinyume, geti likifunguliwa wanakimbilia mabanda ya rangi, mchana hela imeisha na mikono imejaa, ndipo wanapita kwa kondoo kama njia ya kutokea. Asubuhi wafugaji bado wana muda, wanyama wametulia, na ukimuuliza mfugaji sufu ya huyu inafaa nini atakueleza vizuri kuliko maandishi yoyote ya kwenye karatasi ya uzi. Muombe akufunulie manyoya ya Merino, aina ya kondoo wa sufu laini (usijifunulie mwenyewe, omba), juu utaona kijivu na vumbi, ndani ni meupe na yamejikunja kunja mawimbi madogo sana, hayo mawimbi ndo yanafanya sweta iwe na hewa ndani na ikivutwa irudi. Halafu nenda kwa kondoo wa aina ya Lincoln uone manyoya marefu yanayong'aa na kuning'inia, hayo si ya kuvaa shingoni, ni ya kitu kinachotaka nguvu. Kondoo wa Iceland wana tabaka mbili, la nje refu gumu la kuzuia mvua na la ndani laini la joto, na wafumaji wanaweza kuzitenganisha au kuzitumia pamoja. Kondoo wa aina ya Jacob wana madoa na wengine wana pembe nne, huyo rafiki yako wa picha hapo hatoki. Ukishashika hao kwa mkono wako, ukifika kwenye uzi utakuwa unajua unachokiona, hununui rangi peke yake.

Na huyo wa picha usimhofie kabisa. Mpeleke kwenye unyoaji: mnyoaji mzoefu anamaliza kondoo mmoja kwa dakika mbili tatu, kondoo amekalishwa makalio na ametulia kwa sababu akikaa hivyo miguu haipati pa kukanyagia, na manyoya yanatoka yote kwa pamoja kama koti lililovuliwa. Wapo wanaoona ni ukatili, lakini kondoo wengi wa sufu wa leo hawapukutishi manyoya wenyewe, asiponyolewa yanaendelea kukua tu. Mwaka 2015 huko Australia alipatikana kondoo aliyepotea miaka mingi, wakamwita Chris, alivyonyolewa yakatoka manyoya ya zaidi ya kilo 40, yaani mnyama alikuwa anatembea na mzigo ambao ungeweza kumuua. Mwambie mwenzio hiyo kabla ya kuangalia, atapiga picha kwa jicho jingine.

Baada ya hapo mbwa wa kuchunga, hasa border collie, wanaongozwa kwa filimbi tu na mwenye mbwa yuko mbali kabisa. Kaeni sehemu ya juu kama ipo, mnaona mbwa anavyowazunguka.

Kuna na shindano ambalo mimi nalipenda kuliko yote, likiwepo kwenye ratiba msilikose: timu inachukua sufu, wengine wanasokota uzi, mmoja anafuma shali hapohapo kwenye mtambo na saa inakimbia. Mchezo huu una mizizi mirefu. Tarehe 25 Juni 1811 huko Newbury, Uingereza, kulikuwa na dau kwamba haiwezekani kunyoa kondoo asubuhi na mtu akavaa koti la sufu hiyohiyo kabla jua halijazama, wakanyoa, wakasokota, wakafuma, wakatia rangi, wakashona, koti likaisha kwa saa 13 na dakika 20 na Sir John Throckmorton, mmoja wa waliohusika na dau hilo, akalivaa. Huyo anayejifunza akiangalia shindano hili ataelewa uzi unatokea wapi, na kama kuna darasa la kusokota kwa wanaoanza mwandikishe mapema maana nafasi huwa chache.

Hela sasa. Kabla hujaondoka nyumbani amua unafuma nini, piga picha maelezo ya mtindo uyaweke kwenye simu, na andika mita unazohitaji, usiandike idadi ya mabonge maana bonge la huyu si sawa na bonge la yule. Sweta ya mtu mzima kwa uzi wa unene wa kati inataka kama mita 1000 hadi 1500 kulingana na saizi na mtindo. Zunguka mabanda yote mara moja bila kununua, siku ya pili ndo unanunua. Ila hapa nina mguu mmoja nje ya sheria yangu mwenyewe: ukikuta mtu anayetia rangi kwa mkono na ana mabonge machache tu ya rangi unayoitaka kwa sweta nzima, chukua hapohapo yote unayohitaji, tena yawe yametoka chungu kimoja cha rangi, kwa sababu akitia tena haitafanana na ukifika kifuani kwenye sweta mstari utaonekana.

Na msitembee wanne mmeshikana siku nzima. Tawanyikeni, kutaneni mchana sehemu mliyoikubaliana asubuhi, msitegemee simu maana watu wakijaa mtandao unakuwa mzito.

SWALI: Shangazi mi nimealikwa kwenye safari kama hiyo ila sufu inaniwasha hatari, shingo inakuwa nyekundu. Nina mzio wa sufu, niende kufanya nini sasa? (Mwenye shingo nyekundu)

JIBU: Nenda mpenzi. Kwa watu wengi kuwashwa huko si mzio, ni unene wa nyuzi. Unene wa sufu unapimwa kwa maikroni, maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita, na nyuzi zikizidi kama maikroni 30 ncha zake hazipindi zikigusa ngozi, zinachoma, ndo unasikia kuwashwa. Merino iko chini ya 24 na ile laini sana iko chini ya 19, kumbuka nywele ya mtu ni kati ya 50 na 100 hivi. Kwa hiyo yawezekana hujawahi kuvaa sufu nzuri. Usipime kwa vidole, vidole vina ngozi ngumu, weka uzi chini ya kidevu au ndani ya kiwiko, ukae nao dakika chache huku mnaongea na muuzaji. Ukiona Merino nayo inakutoa vipele basi hapo muone daktari wa ngozi, na nguo hiyo iache.

SWALI: Nataka kununua manyoya mabichi ya kondoo mzima nikasokote mwenyewe. Niangalie nini? (Msokotaji mpya)

JIBU: Muombe muuzaji ayatandaze. Ya mabegani ndo mazuri zaidi, ya mapajani huwa magumu, kwa hiyo usionyeshwe bega tu. Chomoa kishungi kidogo, kishike ncha mbili, kivute ghafla karibu na sikio: kikilia kwa mlio safi ni kizima, kikitoa sauti ya kukatika katika kondoo aliugua au alikosa chakula na uzi wako utakatika hapohapo. Angalia majani na miiba, na vile vipande vifupi vifupi vya mkasi kupita mara mbili, vikiwa vingi acha. Ujue pia unanunua mafuta na uchafu humo ndani, manyoya ya aina laini yanaweza kupoteza nusu ya uzito yakioshwa. Yafunge kwenye mfuko uliobana, yasikae karibu na sweta zako mpaka uyaoshe maana nondo wa nguo wanapenda sufu chafu. Kuosha ni maji ya moto ya kama nyuzi joto 60 na sabuni ya vyombo, zamisha taratibu, usisugue, usiyamwagie maji moja kwa moja, toa kabla maji hayajapoa mafuta yasije yakarudi, na maji ya kusuuzia yawe moto uleule, ukiyatupa kwenye ya baridi na kuyakoroga yanashikana na hutaweza kuyasokota tena.