Siku 21 za kuomba ruhusa ya rufaa ya mgawanyo wa mali

Mahakama ya familia ya England na Wales ikishagawa mali baada ya talaka, hukati rufaa moja kwa moja. Unaomba ruhusa kwanza. Una siku 21, na zinahesabiwa tangu jaji atoe uamuzi, si tangu amri yenye muhuri ikufikie. Hapo ndipo wengi hukwama, maana muhuri waweza kuchelewa wiki kadhaa. Wala hamwezi kukubaliana na mtalaka wako kuongeza siku. Hiyo ni kazi ya mahakama peke yake.

Omba ruhusa palepale uamuzi unapotolewa. Aliyeamua akiwa jaji wa wilaya na akakataa, jaza fomu FP161 uombe kwa jaji wa ngazi ya juu. Ambatisha amri unayoipinga na sababu za rufaa. Kama hukumu ilisomwa kwa mdomo, agiza mapema nakala yake ya maandishi. Hulipiwa, na haiji kesho.

Kazi kubwa iko kwenye sababu. "Yeye kapata nyumba, mimi nimebaki na madeni" si sababu, kwani sheria inampa jaji uhuru mpana wa kugawa. Onyesha alipokosea, au utaratibu ulipokiukwa kiasi cha kukunyima haki. Mfano: "Aya ya 34, jaji amehesabu pensheni ileile mara mbili, kama mali na kama kipato." Hoja mbili za namna hii zinatosha, kurasa kumi za manung'uniko humchosha msomaji tu. Ruhusa hutolewa kukiwa na matumaini halisi ya kushinda, au sababu nyingine nzito.

Ukikataliwa kwa maandishi, una siku 7 tangu upokee jibu kuomba usikilizwe ana kwa ana, isipokuwa jaji ameandika kwamba ombi halina msingi kabisa.

Jambo linalosahaulika: rufaa haisimamishi amri. Nyumba ikiwa imeamriwa iuzwe, itauzwa huku unasubiri, usipoomba zuio kwenye fomu hiyohiyo.

Na kama tatizo ni kwamba mtalaka alificha mali, rufaa kwa kawaida si njia yake. Peleka ombi la kutengua amri kwenye mahakama ileile iliyoitoa. Mwaka 2015, katika kesi za Sharland na Gohil, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilikubali kufungua upya hata amri zilizotokana na makubaliano, kwa sababu ya udanganyifu.