Maswali Yenu: Sarafu za Platinamu

SWALI: Salaam mhariri. Niko Dubai, kuna jamaa ananiuzia American Eagle ya platinamu, aunsi 1. Nitajuaje kama si bandia?

JIBU: Ndugu, platinamu ni ngumu kughushi kwa sababu ya uzito wake. Sentimita moja ya ujazo ina gramu 21.45, wakati tangsteni, wanayoipenda matapeli wa dhahabu, ina 19.25 tu. Kwa hiyo bandia yenye uzito sahihi lazima iwe pana au nene kupita kiasi. Halisi ina gramu 31.12, upana milimita 32.7, unene 2.39.

Bandia nzuri ipime kwa maji. Weka glasi ya maji juu ya mizani inayosoma hadi gramu 0.01, kisha irudishe kwenye sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe yote bila kugusa kitako wala ubavu wa glasi. Mizani isome karibu 1.45, yaani ujazo wa sarafu (31.12 kugawa kwa 21.45). Tangsteni itasoma 1.62, fedha karibu 2.96. Namba ikizidi kidogo, tazama mapovu kabla ya kumlaumu muuzaji, maana kila povu huongeza ujazo. Tone la sabuni ya vyombo huyaondoa. Namba ikiruka mbali sana, huenda sarafu imegusa kitako. Ikaushe kwa kuigandamiza na kitambaa laini, usisugue kamwe. Iliyofungwa kwenye kasha usiifungue. Mwombe sonara mwenye mashine ya kupima madini aipime humo humo.

SWALI: Je, kipimo hicho kinafaa kwa zile rubli za zamani za Urusi?

JIBU: Hapana, na wengi huharibikiwa hapo. Urusi ilitoa rubli 3, 6 na 12 za platinamu ya Urali kuanzia 1828 hadi 1845. Tanuru za wakati ule hazikufikia nyuzi 1,768 za kuiyeyusha, hivyo unga wake ulishindiliwa na kupashwa moto. Ndani hubaki vitundu na uchafu wa madini mengine, na sarafu halali kabisa inaweza kuwa na chini ya gramu 21 kwa sentimita ya ujazo. Tegemea uzito (rubli 3 ni gramu 10.35) na jicho la mtaalamu, kwani zipo zilizopigwa upya baadaye kwa ajili ya wakusanyaji.

SWALI: Niko Leicester. Ninunue Britannia ya dhahabu au ya platinamu?

JIBU: Kama lengo ni akiba, dhahabu. Uingereza haitozi VAT kwenye sarafu za dhahabu za uwekezaji. Platinamu hutozwa asilimia 20, na ukiuza hurudishiwi.