Clara Bow hakumalizwa na filamu za sauti

Wengi husema Clara Bow, nyota wa Hollywood enzi za filamu bubu, aliangushwa na ujio wa filamu za sauti. Hapana, si sauti iliyomtoa kwenye filamu. Ya kwanza aliyoongea, The Wild Party ya 1929, ilijaza watu kumbini. Akacheza nyingine kadhaa hadi Hoop-La ya 1933, kisha akaacha mwenyewe akiwa na miaka 28 tu.

Kilichomchosha hasa ni kazi mfululizo bila kupumua, halafu ile kesi ya 1931 ya aliyekuwa katibu wake, ambapo mambo yake ya chumbani yalianikwa magazetini. Afya ikayumba, akaachana na Paramount, kampuni ya filamu iliyomwajiri, akaolewa na mwigizaji Rex Bell na kwenda kuishi ranchi huko Nevada.

Ila anayesema aliiogopa maikrofoni hajakosea. Siku hizo ilifungwa mahali pamoja, na Clara alishazoea kurukaruka mbele ya kamera bila kujali chochote. Mwongozaji wake kwenye The Wild Party, Dorothy Arzner, akaamuru ining'inizwe kwenye ufito wa kuvulia samaki ili imfuate kila aendako. Vifaa ndivyo vilivyokuwa nyuma, si yeye.