Jibu: Kompyuta ya chumbani inapata 169.254 badala ya IP ya ruta

Ndugu yangu wa Mbale, hiyo IP (anwani ya kompyuta kwenye mtandao) inayoanza na 169.254 haikutoka kwa ruta. Windows hujipa anwani ya namna hiyo yenyewe ikiomba IP kwa DHCP, huduma ya ruta inayogawa anwani, ikakosa jibu. Na kwa kuwa kompyuta ya sebuleni inapata 192.168.1.5 na intaneti inafunguka, usipoteze muda kupigia kampuni ya intaneti. Shida iko kati ya chumba chako na ruta, au kwenye ruta yenyewe.

Umesema ilianza umeme uliporudi. Basi naishuku swichi kwanza, kile kisanduku kinachounganisha kebo za mtandao. Hizi ndogo huganda umeme ukicheza, taa zikabaki zinawaka kama kawaida. Ichomoe kwenye umeme kwa nusu dakika, irudishe, kisha kwenye dirisha la amri (Command Prompt) la kompyuta ya chumbani andika ipconfig /release kuachia IP ya sasa, halafu ipconfig /renew kuomba mpya.

Ikigoma, fanya jaribio hili, ndilo ninaloliamini zaidi. Weka IP kwa mkono: 192.168.1.200, maski ya mtandao (subnet mask) 255.255.255.0, hakikisha hakuna kifaa kingine chenye namba hiyo. Kisha andika ping 192.168.1.1, amri ya kupima kama ruta inajibu, kama hiyo ndiyo anwani ya ruta yako. Ikijibu, waya ni mzima, chunguza DHCP ndani ya ruta. Labda anwani za kugawa zimeisha. Isipojibu, badilisha kebo na tundu la swichi kabla ya kununua chochote. Kebo iliyobanwa na mlango huweza kuwasha taa na bado ikapoteza data.

Ukimaliza rudisha IP iwe ya kujitafutia, tafadhali, isije ikagongana na simu ya mtu baadaye. Tuandikie ping imesema nini.